Ufa Kati ya Ramani Mbili

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wawili, na kwamba mgongo wako umepoa. Sisi huku tunasukuma siku. Mama anakusalimu sana, na bado anagombana na redio kila asubuhi kama vile itamjibu. Mimi afya ninayo, ila usingizi umenipiga chenga, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia simu. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Nadhani ulisikia kwamba miji yetu mitatu imeamua kupanga ardhi kwa pamoja. Kila mmoja ulikuwa unakua kivyake, huyu anajenga nyumba hadi ukingoni mwa jalala la mwenzake, yule anaweka machinjio pale jirani anapoteka maji. Ikaundwa ofisi moja, nami nikahamishiwa humo kuunganisha ramani. Mkuu wetu tunamwita Rula, kwa sababu hata akiongea na mkewe kwenye simu mkono wake unachora mistari. Alituambia tutaamua watu wajenge wapi, walime wapi, na wapi paachwe, kwa miaka thelathini ijayo. Sikufichi, nilivimba kichwa.

Taabu ilianza nilipoweka ramani ya mji wa juu pembeni mwa ile ya mji wa chini. Hazikugusana. Unakumbuka mafuriko yalivyouhamisha mto? Wa juu walichora hadi pale mto ulipo sasa, wa chini wakachora hadi pale ulipokuwa zamani, na kila upande uliamini kipande cha katikati ni cha jirani. Ukabaki ufa mweupe wenye upana wa kidole. Nilipomwonyesha Rula, alisema mabwana wakubwa wanakuja kuiona ramani Ijumaa na haiwezi kuwa na ufa, niuzibe. Nikaivuta ramani moja hadi mistari ikabusiana. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Baadaye ilipotafutwa njia ya malori yasipite katikati ya makazi, wote walikubaliana ipite kwenye ule mstari wa mpaka, kwa kuwa hapakuwa na nyumba wala shamba la mtu. Ramani ikatundikwa ukumbini siku sitini ili mwenye pingamizi aseme. Watu walikuja wengi, kila mmoja akatafuta paa lake, akaliona, akaenda zake.

Aliyekuja kwa shida nyingine ni yule mkunga mstaafu. Macho yake yalikuwa yameisha, alinitambua kwa sauti. Aliniomba niushike mkono wake na kuweka kidole chake mahali walipolala watoto wake, maana ndivyo anavyowaita wale waliozaliwa bila kupumua, aliowazika yeye mwenyewe kwa miaka yote ile. Alikuwa akizalisha miji yote mitatu, kwa hiyo alichagua mahali pa katikati, ng'ambo ya mto, pasipokuwa pa yeyote. Dada, nilijua ni wapi. Ni ndani ya ule ufa. Kwenye ramani yangu mahali hapo hapapo kabisa.

Nilikiweka kidole chake kwenye kiwanja cha kijani kilichotengwa kwa bustani. Akatulia. Akaanza kuwahesabu polepole, wa juu, wa chini, huku akiipapasa karatasi. Alipofika kumi na tisa aliniegemea, akaninong'oneza kwamba huyo ni wa dada yangu. Tangu hapo alikuja kila Alhamisi kuwasalimia. Mpaka leo pale alipokuwa akigusa pamefifia rangi, na nikipita ukumbini hutembea nikiwa nimegeuza uso. Nikiwa peke yangu ofisini nasikia hesabu ile, na kila mara inakoma kwenye kumi na tisa.

Alifariki mwezi uliopita. Alikuwa ameacha neno kwamba azikwe kando ya watoto wake, na kwamba mchora ramani anapajua mahali. Binti yake alikuja kwangu. Rula alitoa kibali papo hapo, akasema inapendeza mpango wetu umeanza kupendwa. Nami, dada, nikawaongoza hadi kiwanja cha kijani. Nilisimama pale wakichimba. Binti yake alisema udongo ni laini na haujawahi kuguswa, akashukuru. Tumemzika yule mama peke yake, mbali na watoto wote aliowazika.

Juzi nilishindwa kuvumilia, nikamweleza Rula yote. Hakufoka. Alichonga penseli mpaka ikabaki kipande, kisha akasema muda wa pingamizi umepita na greda la njia ya malori linaanza Jumatatu ya wiki ijayo. Sheria inamruhusu kusimamisha kazi kwa jambo moja tu, mzazi wa aliyezikwa pale aje mwenyewe, aonyeshe mahali na atie sahihi. Hapana alama wala jiwe. Wengine siwajui, mkunga hakuacha jina hata moja. Ninayemjua ni wewe, uliyevuka mto naye asubuhi ile nikikuona, ukiwa umejifunika khanga ya mama.

Najua shemeji hajui. Najua sahihi hiyo itasomwa. Nilipoivuta ile ramani nilijiambia kwamba nakusitiri, kwamba siri yako imezibwa vizuri. Huo ulikuwa uongo. Niliogopa kuonekana sijui kazi yangu siku ya Ijumaa, basi. Nimeifuta nafasi ya mwanao kwa kuogopa wageni, na sasa nakutaka wewe ulipe kwa nyumba yako. Hata kukuomba msamaha naona haya.

Usipokuja sitakulaumu, na Mama hatajua niliandika. Ukija, shuka kituo cha kwanza, nitakuwepo Jumamosi na Jumapili tangu asubuhi. Nitakusindikiza hadi mtoni, lakini kutoka hapo utatangulia wewe, maana mimi sijui amelala upande gani.

Wabusu wapwa zangu, na shemeji mfikishie salamu zangu kwa namna utakayoona inafaa. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.