Udongo wa Treni ya Baba

Sindo, Suba Kusini
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa kaka yangu Dishon,

Nakusalimu wewe, wifi Beverly na watoto. Natumaini mko wazima na kwamba jua la Voi linawaonea huruma. Huku mvua zimechelewa na omena imekuwa haba ziwani, lakini afya tunayo. Mguu ulionisumbua mwaka jana umepona. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na kile kikohozi kimemwacha. Nimetanguliza hayo ili usome yaliyobaki bila hofu.

Utashangaa kukuta barua ndani ya kifurushi cha omena na simu zipo. Tukiongea kwenye simu Baba huwa ameketi ubavuni mwangu, na haya ninayotaka kukueleza hayasemeki akisikia. Tena wewe na mimi mambo mazito tumezoea kuambiana kwa Kiswahili, lugha yetu ya kuchezea kule landi ya Maungu, kati ya nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa sababu ndani ya nyumba Baba hakukubali ila Kijaluo.

Unaikumbuka ile treni ndogo uliyomletea alipostaafu, uliyopewa na yule mzee wa Kihindi aliyekuwa akihama Mombasa. Onsongo seremala alitutengenezea meza ya plaiwudi ikajaa chumba cha mbele chote, akapigilia reli juu yake, na Baba akaiendesha siku chache. Kisha akaifunika shuka. Nilipomuuliza sababu, alisema treni ile inapita juu ya meza, na yeye maishani hajaona treni inayopita juu ya meza. Sikumwelewa. Nilisahau kwamba alikuwa mnyapara wa genge la reli. Watu wengine treni ikipita walitazama injini. Yeye alitazama chini.

Ugonjwa wake wa kusahau unaujua, maana siku daktari wa Homa Bay alipotueleza ulikuwepo. Usichokijua ni kwamba mwaka huu alianza kutoka. Asubuhi akishakunywa uji alichukua nyundo yake akaenda kukagua njia. Reli hakuna kaunti hii nzima, lakini yeye alifuata lami ya kwenda Magunga, akigonga kingo za kalvati za kupitisha maji na kutega sikio. Wanawake wanaoanika omena walimrudisha mara nyingi. Siku moja lori lilimkosa kidogo tu. Dereva alishuka akamfokea, na Baba akamjibu kwa upole kwamba kosa ni la dereva, kwa kuwa njia haijafunguliwa. Baada ya hapo nilifunga mlango kwa kufuli. Alikaa nyuma ya mlango, nyundo magotini, kama mtu anayesubiri zamu yake. Nilishindwa kuvumilia. Nikaifunua treni.

Nilianza kwa kutojua. Nilipaka plaiwudi yote rangi ya kahawia, nikamwita aje aone ardhi. Akasema hiyo ni sakafu. Nikamuuliza, basi ardhi ikoje. Alipiga goti kwa shida, akaweka jicho lake usawa wa reli, akaniuliza mvua ikinyesha maji yataenda wapi.

Basi nikamwita Onsongo aing'oe njia. Nilikunja waya wa kuku, nikaufunika magazeti niliyoyalowesha kwenye uji wa unga wa ngano, nikapata tuta la kubebea reli, na mtaro huku na huku. Vilipokauka nikapaka plasta juu. Baba alipitisha kidole mtaroni, akanionyesha mahali maji yangetuama. Nikabomoa, nikafanya upya. Siku hiyo hakutoka na nyundo, wala siku zilizofuata.

Shida ikawa udongo. Huu wetu wa Sindo ni mweusi, nao wa Maungu ulikuwa mwekundu hadi nguo zetu za shule zilikuwa haziishi wekundu. Rangi ya dukani aliikataa. Nikakumbuka wekundu niliouona Masara nikienda Migori, nikafunga safari. Kule kwenye mashimo ya dhahabu nilimkuta mama mmoja, Pamela, anayeponda mawe kwa nyundo. Aliponiona nachota karibu na kidimbwi cha kuoshea alinizuia. Akaniambia, "Hiyo wacha, dada. Iko na ile dawa ya kushika dhahabu, itakumaliza. Kuja nikupatie ya juu." Alinijazia mfuko kutoka mdomo wa shimo jipya, akaniongezea mkebe wa mawe yaliyopondwa ambayo hayakutoa kitu. Aliuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya reli ya baba yangu. Alicheka kidogo, kisha akasema baba yake yeye alikufa kabla hajamwomba chochote.

Nyumbani niliukaanga udongo kwenye karai ili wadudu wafe, nikauchekecha kwa chujio la chai, kisha kwa soksi kuukuu. Gundi ya mbao niliipunguza kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, kwa maana bila sabuni gundi hujiviringa juu ya vumbi kama maji juu ya jani la nduma. Nikaunyunyiza udongo juu ya plasta, nikaidondosha gundi kwa bomba la sindano, polepole, isije ikachimba mashimo. Ulipokauka ulikuwa umeiva sana rangi, karibu na maini. Ilibidi nianze tena na udongo niliouchanganya na majivu. Mawe ya Pamela yakawa kokoto. Niliyasambaza kati ya mataruma kwa brashi, na lililopanda juu ya reli nikaliondoa kwa kucha. Majani niliyatengeneza kwa kamba ya katani niliyoikata fupifupi na kuichemsha kwenye chai ya rangi. Niliyapanda yakajaa sawasawa kote, nikajisifu moyoni. Baba aliniuliza ni nani amekuwa akiyamwagilia. Akayang'oa mengi, akayaacha mafungumafungu.

Alinifundisha mengine mengi, kaka. Kwamba injini inaposimama ardhi hupata doa jeusi la mafuta. Kwamba watu wakikatazwa kuvuka reli huvuka tu, na miguu yao huacha kijia chembamba. Alinitaka nikifanye kijia hicho kipinde, kwa kuwa hakuna mtu anayetembea kama rula.

Sasa nikuambie lililonifanya nikuandikie.

Tulipokuwa katika kazi hiyo niligundua kwamba Baba ameacha kunisemesha Kijaluo. Sikujali mwanzoni. Nilidhani ni reli iliyomrudishia Kiswahili cha kazini. Lakini hata chai aliiomba kwa Kiswahili, na akanishukuru, na wewe unajua Baba hashukuru watoto wake kwa chai. Alikuwa akinisemesha kama mtu anavyomsemesha mgeni. Siku moja aliniuliza, "Fundi, wewe nyumbani kwenu ni wapi?"

Nilisimama na bomba la sindano mkononi. Nikamjibu kwamba natoka Karungu. Si uongo, kwa maana ndiko nilikoolewa na ndiko nilikotoka.

Siku za kwanza nilimsahihisha. Nilimwambia mimi ni Risper, bintiye. Alinitazama kwa adabu, akaogopa, na kazi ikalala. Kwa hiyo niliacha. Nikawa fundi. Kaka, ilipita miezi jina langu halijatamkwa ndani ya nyumba hii. Majirani unawajua. Tangu nirudi kutoka kwa mume, hawaniiti kwenye mambo yao, na kanisani wananipa mkono tu. Nilikuwa na Baba, na hata yeye sasa alikuwa na fundi. Jioni nilikuwa namwekea chakula, ananikaribisha tule pamoja kama mgeni wake, nami nakula kwenye sahani zangu mwenyewe nikisema asante.

Tulipofika mahali pa nyumba za landi, alinielekeza niziweke kwa mstari, nikazikata kutoka kwenye katoni. Mbele ya mlango wa tatu alitaka ardhi iwe na unyevu, nyeusi kidogo, na mchicha uote pale. Alisema mke wake ndipo alipomwagia maji ya vyombo. Nilipaka pale chai ya rangi, nikabandika vumbi la mbao nililolitia rangi ya kijani. Aliitazama sehemu ile muda mrefu. Kisha akaanza kumweleza fundi habari za binti yake.

Nayaandika kama alivyoyasema. Alisema ana binti aliyeolewa Karungu, akarudi na begi moja. Siku aliyorudi binti alimkuta yeye baba yake akinoa panga. Hakumuuliza alikuwa amefanywa nini. Alimwambia chakula kipo, akaendelea kunoa. Alisema aliona uso wake umevimba na akaogopa kuuliza, kwa kuwa angeuliza ingembidi aende Karungu na lile panga. Halafu siku zikapita, na neno likishapitwa na siku yake linakuwa gumu kulirudia.

Nilimuuliza, kama fundi, kwani ni neno gani.

Akasema, "La kumkaribisha. Yule mtoto anaishi kwangu kama amepanga. Watu wanasema msichana aliyerudi akifa azikwe nje ya ua. Mimi sitaki. Mimi nataka alale ndani, karibu na kaburi la mama yake, na ile nyumba anayolala iwe yake. Wewe fundi unapita kwa watu. Ukimwona, mwambie."

Nikamwambia nitamwambia. Kisha nikatoka nje nikaosha brashi, na niliziosha mpaka nywele zake zikaanza kung'oka.

Kaka, najua maneno haya yanavyosikika. Wewe ndiye kifungua mimba na boma hili litakuwa mikononi mwako. Umeniambia mara kadhaa kwamba ungependa kumchukua Baba akae Voi na kuifunga nyumba, na hujaniambia mimi nitakuwa wapi, nami sijauliza. Leo naja kwako na neno linalonifaa mimi, lililosemwa na mgonjwa, shahidi hakuna. Ningekuwa wewe ningesita pia. Ndiyo maana sikukuandikia siku ile. Nilitaka alirudie mbele yangu akijua ni mimi.

Kwa hiyo Jumatano iliyopita nilimwacha na treni, nikaenda kuoga. Nikavaa gauni la kanisani, nikafunga kitambaa kile cha Mama, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikabisha mlango wa mbele kama mtu aliyetoka safari. Alifungua mwenyewe. Nikamsalimia kwa Kijaluo, nikamwambia ni mimi, Risper.

Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani. Kisha akasema, "Risper, iduogo?" Umerudi?

Nikamjibu, "Aduogo, Baba." Nimerudi.

Akanishika mkono, akaniingiza, akaniketisha kwenye kiti chake. Aliniuliza kama njaa inaniuma. Akaninyooshea ardhi yote kwa kidole, mtaro, kijia, doa la mafuta, na mbele ya mlango wa tatu aliinama akasema kwamba pale ni kwetu, nitazame mchicha. Akaiwasha treni. Ilipita tutani polepole, nasi tukaifuata kwa macho mpaka ikarudi. Alisema imefanywa na fundi mmoja wa Karungu, mtu mwenye mkono mzuri na mdomo mfupi, na kwamba ametoka sasa hivi tu, ningewahi kidogo ningemkuta.

Nilingoja. Nilimuuliza kama hana neno la kuniambia. Aliinamisha kichwa, akachezea kitufe cha kisanduku cha umeme. Nikaona midomo yake ikijaribu, kaka, niliiona. Mwishowe akasema kwa Kijaluo kwamba lipo neno, lakini amemwachia fundi. "Muulize yeye. Yeye analijua vizuri."

Sikumsumbua zaidi. Nilimwambia nitamuuliza. Tulikaa hapo mpaka umeme ukapotea. Asubuhi iliyofuata alinisalimia kwa Kiswahili, akaniuliza kama njiani nilikutana na binti yake.

Nikasema ndiyo. Nikasema amefurahi.

Sikuombi uamue lolote kuhusu boma, na wala sikuombi uniamini. Naomba uje kabla hajaacha kuongea kabisa. Ukiingia, mtajie jina lako kwa Kijaluo. Akikujibu kwa Kiswahili na kukuita jina jingine, usimsahihishe na usiumie. Keti, mpe mkebe wa kokoto, muulize habari za watoto wake. Na wewe pia huenda kuna neno alilokosa kukuambia.

Nisalimie wifi sana. Mwambie omena hii ni ya kukaanga kavu, asiiloweke. Wabusu watoto. Onsongo anakusalimia, na Baba angekusalimia kama ningemwambia nakuandikia.

Nabaki mimi dada yako,
Risper