Jogoo wa Laki Moja

Chome, Jumapili usiku

Mbavu bado zinaniuma kwa kucheka, ingawa hofu nayo ninayo.

Asubuhi kwenye matangazo nilisimama, mimi mzee wa kanisa, nikauliza tunamlipa mchungaji kiasi gani. Akatabasamu. Akasema yeye anaishi kama ndege wa angani, hapandi wala havuni. Watu wakaitikia amina. Nikakaa nimenuna.

Baada ya ibada tukanadi sadaka za mazao nje, kama kawaida: ndizi, mayai, na jogoo wangu mwekundu. Mwenye duka akafika elfu thelathini. Mchungaji, kwa kupenda makofi, akapaza sauti: "Laki moja!"

Hakuna aliyepiga makofi.

Bibi Nakiete akainua mkono. "Bwana asifiwe, Baba Mchungaji. Hao ndege wa angani wanaajiriwa wapi? Mjukuu wangu hana kazi."

Tulicheka mpaka kwaya ikaanzisha wimbo kutufunika.

Kesho nimeitwa ofisini kwa mchungaji. Wazee wenzangu hawapokei simu zangu. Huenda wakanivua uzee, na mke wangu ameshanuna.

Lakini Petro alipokana, jogoo aliwika. Huyu wetu amekana mshahara, kisha yeye mwenyewe akamnunua jogoo.