Nyumba ya Kwenye Pazia la Studio

Edmonton,
London.
15 Juni 2025.

Mpendwa Mjomba Mwirigi,

Pokea salamu za Makena wako. Hujambo? Goti linaendeleaje? Na Mama Mutuma na kuku wake je? Mimi ni mzima. Kazi ya kutunza wazee inachosha mgongo, lakini nimeizoea.

Jana nilikuwa na mapumziko. Shiro, ninayeishi naye, akanivuta kwenye maonyesho ya picha za kuchora. Nilitaka kulala, nikaenda shingo upande. Kuta zilijaa majumba ya mashambani ya Waingereza na bustani zake. Mjomba, nikaikuta nyumba yako.

Ile ile uliyoichora kwenye pazia la studio yako ya picha: madirisha mengi, ngazi pana, bwawa, na miti iliyokatwa ikawa na umbo la ndege. Unakumbuka watu walivyokucheka, kwamba umeitoa kwenye kifuniko cha kopo la biskuti na hakuna mti wa hivyo duniani? Ipo. Ila pale ulipochora jogoo, kumbe ni tausi. Nilicheka mpaka machozi. Jogoo wako ana raha zaidi.

Bila kufikiri nikaipa picha mgongo, mkono kiunoni, kidevu juu, kama ulivyokuwa ukiwapanga wateja. Shiro akanong'ona, "Makena, please, watu wanatuangalia, na security anakuja." Mlinzi akaja kweli. Nikajua natolewa nje. Kumbe alitaka kutusaidia. Akachukua simu yangu, akatupiga picha sote wawili. Nimeichapisha, nikaitia humu kwenye bahasha.

Sasa jambo lenyewe. Mutuma ameniambia umefunga studio kwa kuwa kila mtu ana simu, na lile pazia litakatwa lifunike mahindi. Nimeumia sana. Mjomba, nakuomba usilikate. Mwambie Mama Mutuma turubai nitamnunulia mimi.

Desemba nakuja na mchumba wangu, Lambert, aje ajitambulishe nyumbani. Katika picha zote za jana sikuona mchoraji aliyeacha nafasi ya mtu kusimama. Wewe uliiacha, katikati ya nyasi, ukasema nyumba kubwa hivyo haiwezi kukosa wenyewe. Basi tuwekee pazia. Wenyewe tunakuja.

Nisalimie Mama Mutuma, Mutuma na Nyanya Kanana. Mungu akutunzie macho na mikono hiyo.

Wako akupendaye,
Makena