Nani Angempiga Nani

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Magoti yangu hulalamika kila nikipanda ngazi, lakini magoti kazi yao ni kulalamika; mradi nafika. Kaka yetu Tetemeko anakula, analala, na anakusalimu sana.

Barua yako ilinichekesha, kisha ikanichoma. Uliandika kwamba huko uliko umesikia watu redioni wakibishana: Tetemeko wa enzi zake angekutana na Nyundo, bingwa wa sasa wa ngumi za uzani wa juu, nani angempiga nani? Ukaona fahari kwamba kaka yetu bado anakumbukwa, ukaniuliza mimi kwa kuwa napenda kueleza. Haya, nitaeleza, na ukiniona nimekunja uso, jua sijakukunjia wewe.

Swali lenyewe ni bovu. Enzi za kaka yako raundi zilikuwa nyingi kuliko sasa, na bondia alishuka ulingoni usiku akaenda kupakua magunia boharini kesho yake. Nyundo ana mpishi, ana daktari, ana mtu wa kumkanda misuli, na kilo zake zingetosha kumtengeneza kaka yako na chenji ikabaki. Sasa ukitaka kuwapiganisha, sema kwanza: kwa sheria za nani, na kwa chakula cha nani? Tetemeko aliyelishwa chakula cha Nyundo si Tetemeko tena. Ni sawa na kuuliza kama mvua ya mwaka jana ingekata kiu ya leo. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote, nami nakwambia, jaribio lisiloweza kufanyika lina faida moja tu: kila mpumbavu anaweza kutoa majibu yake.

Na wanayatoa bila choyo. Makao yao makuu ni kwa kinyozi wa mtaani kwetu, ambako humpeleka kaka yako kunyolewa ndevu, maana hawezi tena kujishikia wembe. Anakaa kitini na povu shavuni, nao wanamgawa hapo hapo mbele ya macho yake kama paja la ng'ombe buchani. Fundi wa friji husema taya lile lilikuwa la chuma. Dereva wa teksi humjibu kwamba chuma nacho huyeyuka, na kwamba Nyundo angemlaza mzee kabla hajamaliza kupiga chafya. Kinyozi huwaamua, huku akimgeuza kaka yako kichwa kwa vidole viwili ili wajumbe waone vizuri shingo inayozungumzwa. Hakuna hata mmoja anayemwuliza mwenye shingo.

Unaukumbuka mtikiso wake wa ulingoni. Bega la kushoto lilianza kutetemeka, mtetemeko ukashuka hadi kwenye glovu, mpinzani akaukodolea macho, na hapo ndipo konde la kulia lilipomfikia. Jina la Tetemeko lilitoka hapo. Magazeti yaliuita usanii, na wewe mwenyewe uliucheza uani mpaka mama akakuficha viatu. Siku hizi Nyundo naye anao, na watangazaji husema ameusomea kwenye kanda za mzee.

Basi asubuhi moja kaka yako aliinua mkono kitini ili afute povu, na mkono ukaanza kutetemeka, kama unavyotetemeka kila siku akishika kijiko. Chumba kizima kililipuka. Walipiga kelele kwamba mzee bado anao, jamani, bado anao! Dereva akatoa simu apige picha, na fundi wa friji akaomba arudie, mara moja tu, mzee wetu, kwa ajili ya watoto. Naye akarudia, au tuseme mkono ulirudia. Alikuwa akitabasamu, mate yakimtiririka kidevuni, na mtu mzima mwenye mke na watoto akawa anampigia makofi. Sikuweza kutazama, mdogo wangu; nilitoka nje.

Habari zilimfikia promota mmoja wanayemwita Bwana Miwani, kwa sababu hata chumbani havui ile miwani yake ya jua. Alikuja nyumbani na manukato yake akakaa kwenye kiti cha kaka yako bila kukaribishwa. Unajua kwamba siku moja kabla ya pambano mabondia hupimwa uzito hadharani, vifua wazi, kisha husimama pua kwa pua wakitazamana. Bwana Miwani anataka kaka yako apande mizani siku hiyo pamoja na Nyundo, halafu usiku wa pambano la Nyundo wao wawili wacheze raundi chache, za heshima tu. Nilimwambia kwamba mgonjwa hachezi. Akanijibu bila aibu kwamba ugonjwa ndio uzuri wenyewe: watu watalia, na mtu aliyelia huenda kusimulia wenzake. Akaondoka akimpigapiga kaka yako shavuni kama anayemsifu farasi. Manukato yake yalikaa kwenye kitambaa cha kiti hadi nilipokifua. Na kaka yako alikuwa amekwisha kukubali, kwa sababu anapenda kuitwa.

Siku chache baadaye Nyundo mwenyewe akabisha hodi, mchana, peke yake, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alituamkia sote wawili kwa adabu na akakataa kuketi mpaka tulipoketi. Nikamwandalia chai. Alishika kikombe kwa mkono wa kulia; wa kushoto aliukalia. Baada ya kuzungukazunguka akamwuliza kaka yako alijifunza vipi kuuzuia mtikiso akiwa nje ya ulingo.

Mimi msomi sikuelewa. Kaka yako alielewa papo hapo. Aliuvuta mkono wa kijana kutoka chini ya paja, akaulaza mezani kando ya wake, na vikombe vikaanza kugongana vyenyewe kwenye visahani.

Kisha akasema, nami nilimwomba arudie mpaka nikapata, kwamba mtikiso hakuwahi kuubuni. Mkono ulianza kutikisika wenyewe kabla hajatwaa ubingwa, naye akaogopa kusimamishwa, akaupachikia konde la kulia nyuma yake ili uonekane hila. Watu waliposhangilia akapumua, maana anayeshangiliwa hapelekwi hospitali. Mama yetu alikufa akidhani ni kipaji. Nyundo alifunika uso akakiri kwamba yeye naye hajawahi kusomea kanda yoyote.

Sasa sikiliza, kwa maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kaka yako amesema raundi za Bwana Miwani hatazicheza, lakini mizani ataipanda. Anataka ainue mkono mbele ya umati na kueleza ni kitu gani hiki wanachokishangilia. Kijana akiinua wa kwake, vema. Asipoinua, mzee hatamtaja. Nyundo alishusha tena kofia yake akaaga, bila kuahidi. Pambano lake liko karibu, na ameomba jambo hili lisitoke nje ya familia. Wewe ni familia.

Tatizo ni ulimi. Kama unavyojua, maneno yake siku hizi hutoka yamelowa, na watu wale wakimsikia watadhani ni mbwembwe, watashangilia zaidi. Mimi hushika nusu tu. Wewe humwelewa hata kwenye simu mbovu, na yeye mwenyewe ametaka uitwe wewe. Amesema atatamka sentensi moja moja, nawe uirudie kwenye kipaza sauti bila kupunguza wala kuongeza. Bwana Miwani hajui lolote. Yuko mjini akibandika mabango yenye sura zao mbili.

Omba ruhusa kazini, mwage shemeji, na uje kabla ya siku ya mizani. Njoo hata kama kijana hatainua mkono. Kaka yako ameanza kujizoeza asubuhi mbele ya kioo, na hakuna mwingine duniani anayeweza kuwaambia watu anachosema.

Wape watoto salamu za baba yao mkubwa, na shemeji mwambie namshukuru mapema. Tunakusubiri, chumba chako nimekwisha kukifagia.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Mwalimu