Siku Ile Sikumwita Kalea

Pagudpud, Ilocos Norte
Jumatano, 11 Oktoba 2023

Mpendwa Manang Epifania,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani, dada yangu. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umesimama jikoni kama kawaida yako. Goti linasemaje? Yale mafuta ya nazi niliyokutumia unayapaka, au yamekaa kabatini yakingoja liume zaidi? Na sukari je? Usinidanganye, maana najua unavyoupenda wali wa kunata.

Mimi sijambo, ila presha inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Mvua za mwezi huu zimelaza mpunga wote wa upande wa mto, lakini paa limesalimika. Yule jogoo uliyeniomba nisimchinje mpaka uje bado yuko hai, na sasa ana kiburi kuliko mwenye nyumba. Fanya haraka uje umle, ameshanichosha.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Simu yako, Manang, huwa unaifungulia sauti, na kila aliyeko sebuleni anasikia. Mara ya mwisho nilipojaribu kukueleza jambo hili, mwanao Rhodora aliichukua mkononi mwako akaikata. Simlaumu, mama mwenye mtoto mgonjwa hana subira. Kwa hiyo barua nampa Manong Dalmacio, jirani yetu aliyekuja kumwombea marehemu mama yake zile siku tisa. Anarudi huko kwenu Waipahu Jumamosi. Nimemwapisha akukabidhi wewe mwenyewe, tena nje ya nyumba kama itawezekana. Isome ukiwa peke yako.

Unakumbuka Agosti, Rhodora na mumewe Derek walipomleta Kalea aione nchi ya bibi yake. Wewe ulibaki kwa sababu ya goti. Nyumba yangu ni ndogo, na Derek alitaka mahali ambapo atajipikia mwenyewe, basi wakapanga ile ninayoitunza, nyumba ya yule Madam wa Manila, yenye ngazi za buluu upande wa nyuma. Kazi yangu pale unaijua: nakabidhi ufunguo, na wageni wakishaondoka nasafisha.

Derek aliipenda sana karatasi ambayo Madam ameibandika kwenye friji, ile ya masharti ya kuondoka. Mchana wa siku moja kabla ya safari niliwapikia mboga za pinakbet, na tukiwa mezani akaisoma yote kwa sauti kama padre. Osha vyombo. Funga gesi. Vua mashuka. Toa taka. Angalia nyuma ya milango usije ukasahau kitu. Ufunguo uwe kisandukuni kabla ya saa nne asubuhi.

"Anti Bining," akaniambia, "kesho utatafuta kazi ya kufanya humu ndani uikose."

Nikamjibu kwamba karatasi imesahau sharti moja. Kwetu watu wakiondoka mahali, lazima kila mmoja aitwe kwa jina mlangoni, na hasa mtoto, roho yake isije ikabaki inacheza huku mwili umeshapanda gari. Nilisema vizuri tu, Manang, sikupaza sauti.

"Anti, tafadhali," Rhodora akasema. "Utamtia mtoto woga bure."

Kalea hakuwa na woga wowote. Aliweka kijiko chini akauliza, "Nikibaki, nitakula nini?"

Derek alicheka mpaka akapaliwa. "Tutakuachia sahani yako," akamwambia.

Na Rhodora akacheka naye. Mtoto niliyembeba mgongoni mwaka mzima ulipotangulia Hawaii, akanicheka mbele ya mumewe. Roho iliniuma. Niliondoa sahani yangu mezani, nikaaga, nikaenda zangu nyumbani.

Asubuhi yake nilifika na tupig za unga wa mchele nilizookea kwenye majani ya mgomba, za kula njiani. Gari lilikuwa linaunguruma tayari. Derek alihesabu mabegi mara mbili, akahesabu pasipoti, akakagua gesi. Ufunguo ulikuwa kisandukuni na saa tatu haijafika vizuri. Hakuna mgeni aliyewahi kuondoka kwa adabu kama ile. Nami nilisimama pale langoni, nimekaribia kabisa, na nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo tu.

Sikuufungua. Hili ndilo ninalotaka ulijue kutoka kwangu, kabla hujalisikia kwa mwingine. Sikusahau. Nilinuna. Nilisema moyoni, waacheni wajuaji waende na ujuaji wao. Mama yetu hakuwahi kutoka hata sokoni bila kutuita, hata siku zile ulipokuwa umemkasirisha mpaka hatazamiki. "Intayon, twendeni, asibaki mtu." Alituita na hasira zake zikiwa bado kifuani. Mimi nilishindwa.

Kalea alikuwa amebandika uso kwenye kioo cha gari. Nilimpungia mkono, na hakunipungia. Alikuwa anatazama nyuma ya bega langu, kule mlangoni, kama mtu anayemtazama mwenzake aliyechelewa kutoka. Gari likaondoka.

Nilipoingia ndani, kweli sikukuta kazi. Sakafu imefagiwa, mashuka yamekunjwa, pipa halina hata ganda la ndizi. Lakini mezani palikuwa na sahani moja ndogo, ile yenye ua jekundu, safi, imewekwa mbele ya kiti alichokuwa akikalia Kalea. Na nyuma ya mlango wa bafu palining'inia fulana yake ya njano. Nilirudisha sahani kabatini. Fulana nikaichukua niitume kwa posta, halafu siku zikapita.

Wageni wa kwanza baada yao walikuwa maharusi kutoka Laoag. Waliniuliza yule mtoto anayekaa kwenye ngazi za nyuma asubuhi ni wa nani, mbona hasemi akisemeshwa. Nikawaambia labda wa jirani. Wa pili walilala siku moja wakati walikuwa wamelipia tatu, na hawakutoa sababu. Wa tatu, mwalimu mstaafu na mkewe, walimwandikia Madam kwamba nyumba ni nzuri, ila mtoto wa mtunza nyumba anafungua bomba la nje na kuliacha linamwaga maji. Mtoto wa mtunza nyumba! Wewe ndiye unayejua nilivyolia kwa kukosa mtoto, Manang.

Na kila nikienda kusafisha, ile sahani yenye ua jekundu iko mezani.

Ndipo habari zako zikaanza kunifikia. Kwanza Kalea hali. Halafu anasinzia darasani. Halafu amelazwa, na madaktari wamepima damu na kichwa na kila kitu wasione ugonjwa, naye anazidi kukonda. Nilivumilia mpaka ile Jumapili uliponiambia kwamba ukimuuliza anaumwa wapi, anasema haumwi, yuko nje, anasubiri kufunguliwa. Ulidhani ni homa inayomsemesha. Mimi nilizifikiria zile ngazi za nyuma.

Sisemi muwaache madaktari. Waendelee, Mungu awabariki, na mtoto asikose dawa hata moja. Ila dawa inaingia kwenye mwili, na mwenye mwili yuko huku kwangu.

Jumatatu wiki hii nilijaribu mwenyewe. Nyumba haikuwa na wageni. Nilifanya kama ile karatasi inavyoagiza, nikaosha, nikafunga gesi, nikatoa taka, na saa nne kamili nikasimama mlangoni nimeshika fulana ya njano. Nikaita, "Njoo, Kalea. Twende. Usibaki." Mara tatu. Kisha nikatoka bila kugeuka nyuma, kama Mama alivyokuwa akifanya.

Nilipanda pikipiki ya kigari ya Isko, yule mpwa wa fundi viatu, nikamlipa nauli ya watu wawili.

"Anti, mbona umezidisha?" akaniuliza. "Au kuna mchumba umemficha?"

"Endesha," nikamwambia. "Na upunguze mwendo kwenye mashimo."

Nyumbani nilipakua wali kwenye sahani mbili. Nilikula nikiongea peke yangu kama kichaa, nikimsimulia Kalea habari za jogoo. Manang, nilifurahi. Nilidhani nimemaliza, na kwamba ningekupigia kesho yake uniambie mtoto ameomba chakula.

Kesho yake, yaani jana, fundi wa mabomba alipita pale nyumbani kwa Madam, akanipigia simu. "Anti Bining, huyu mtoto umemfungia nje tangu lini? Amelowa huyu."

Nilikwenda mbio. Sikumkuta mtu. Ngazi za buluu zilikuwa kavu zote, isipokuwa ya tatu kutoka juu.

Nilikaa kwenye ngazi ya nne nikafikiri mpaka jua likaniunguza kichwa, na nadhani nimeelewa. Mimi ni nani hata anifuate? Ananijua kwa wiki mbili tu. Nilikuwa pale langoni, aliniona nimeufunga mdomo wangu, na mtoto hasahau kitu kama hicho. Mama yake hataita, kwa sababu haamini. Lakini wewe ndiye uliyemlea tangu akiwa na miezi miwili, wakati Rhodora yuko zamu hotelini. Sauti inayomtoa bafuni ni yako. Inayomwita aje kula ni yako. Anasubiri aitwe na mtu wake.

Na muda umekwisha, ndiyo maana nimeandika kwa haraka na mwandiko huu mbaya. Madam amechoshwa na malalamiko. Anaifunga nyumba, anabadilisha vitasa vyote, na mimi amenishukuru kwa kazi ya miaka kumi na mmoja. Natakiwa niutie ufunguo wangu kisandukuni Alhamisi ijayo, tarehe 19, saa nne asubuhi, kama mgeni yeyote. Baada ya hapo sitakuwa na ruhusa ya kuvuka hata lango. Ukuta ule ni mrefu, Manang, na yeye ana miaka sita.

Kwenu itakuwa Jumatano tarehe 18, saa kumi jioni. Nimehesabu kwa vidole, nikamwomba na Manong Dalmacio ahesabu. Saa hiyo uwe hospitali, kando ya kitanda chake, umemshika mkono. Unipigie simu. Nami nitakuwa mlangoni na fulana mkononi, na safari hii mimi ndiye nitakayefungulia sauti. Mwite kwa jina, kama unavyomwita kila siku, usibadilishe kitu. Mwambie twende, usibaki. Usiache kuita mpaka nikwambie.

Rhodora akikasirika, mwache akasirike. Derek akicheka, mwache acheke, kicheko chake nimeshakisamehe. Akitaka kukunyang'anya simu, mng'ate mkono. Meno bado unayo, najua, uliniringia picha. Niseme nini zaidi? Nimekukosea, dada yangu. Uliniaminia wajukuu wote ulio nao, ambao ni mmoja, nami nikamwacha kwa sababu ya kiburi cha mezani. Nikitoka pale Alhamisi bila yeye, sitajua pa kuuweka uso wangu.

Leo asubuhi nilikwenda tena kumtayarisha. Niliweka wali na yai kwenye sahani yake, nikakaa mlangoni nikamweleza yote taratibu: kwamba bibi yake atamwita, siku nane zimebaki, asitoke na mtu mwingine, asimfuate mgeni yeyote hata akiwa na pipi. Nikamwambia avae viatu. Bomba lilikuwa linamwaga maji tangu nifike. Nilipomaliza kusema, lilifungwa.

Kwa hiyo anajua, Manang. Nimeshampa ahadi yako. Sasa ameketi anakungoja wewe.

Nisalimie Rhodora, umwambie Anti yake hana kinyongo. Nisalimie Derek, umwambie nyumba aliiacha safi kweli. Wasalimie akina Manang Corazon wa kanisani, na umshukuru Manong Dalmacio kwa kubeba barua hii, umpe chai. Mungu aliyetulinda njia zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, amlinde na huyu aliye katikati.

Saa kumi jioni, Manang. Usichelewe.

Mimi mdogo wako nikupendaye, ambaye sitafunga mdomo tena,

Ludivina (Bining)