Sahani Ndogo ya Mkwe Wako

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limepunguza ukorofi wake. Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu anayeandika akiwa kwenye kitanda cha hospitali na dripu mkononi. Usishtuke. Soma mpaka mwisho, kisha unikasirikie ukipenda. Nakuandikia kwa ajili ya mkwe wako.

Ulipokuja kututembelea uliniona nimebaki mifupa. Hukukosea. Suruali zangu nilikuwa nimezipunguza kiuno mara tatu, mpaka wateja wakanitania kwamba fundi siku hizi anajishonea mwenyewe tu. Ukamwona pia mke wangu akinipakulia kijisahani cha wali laini na viazi vya kuponda, maharage akiyasogeza mbali nami, maziwa akiwapa watoto. Ukasema mbele ya majirani kwamba mwanao ananyimwa chakula ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mke wangu akanitazama. Mimi nikainamia sahani.

Kesho yake ukaingia jikoni mwenyewe. Ukanipikia maharage na nyama ya kukaanga yenye pilipili, ukanimiminia na glasi mbili za maziwa, nami nikamaliza vyote ili ufurahi. Jioni nikabebwa hospitali. Ukamwambia mke wangu kwamba kuna kitu amenitilia. Asubuhi akafunga nguo zake, akachukua watoto, akarudi kwa wazazi wake. Hakukujibu hata neno, nawe ukasema huo ni ukimya wa mwenye hatia.

Mama, ukimya ule niliutaka mimi. Nina ugonjwa wa utumbo, huu mwaka wa pili. Daktari ameniambia utumbo umevimba ndani na una vidonda, kwa hiyo hata nikila nikashiba, mwili hauchukui kitu. Chakula kinapita tu. Ndiyo sababu damu yangu ni pungufu na nachomwa sindano za vitamini. Kuna siku naenda chooni mara kumi na mbili, na ninachokiona humo ni damu. Niliona aibu, mwanamume mzima kuwa na maradhi ya chooni. Nikamwapisha mke wangu asimwambie mtu, wewe hasa. Vile vyakula vidogo vidogo, mara sita kwa siku, alifundishwa na mtaalamu wa lishe, aliyenikataza maharage, pilipili na maziwa, na alikuwa akivipika kabla ya kwenda kazini na akirudi. Wewe ukamwita mchoyo, nami nilikuwa nimekaa pale pale nasikia.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe mwenyewe husema hivyo mara nyingi. Mimi nimeumbuka kabla ya kufa, na najichukia.

Jumatano nitapasuliwa, wakate kipande cha utumbo. Ningekuwa na nguvu ningekwenda mwenyewe. Nakuomba uende kwa wakwe zangu kabla ya siku hiyo, ukaseme mbele ya watu, kama yale mengine yalivyosemwa mbele ya watu. Usimwombe arudi, akikataa ana haki. Waambie tu kwamba binti yao hakuninyima chakula hata siku moja, na kwamba mimi nilishindwa kumtetea kwa neno moja.

Niombee, Mama. Msalimie dada, ila haya usimwambie. La, mwambie yote. Nimechoka kuficha.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako