Majani Anayolisha Ndete

Njiru,
Jumatano jioni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta umeamka salama na miguu imepungua kuvimba. Mimi mwili ni mzima. Naituma kwa basi la usiku huu, kwa kuwa haya siwezi kuyatamka kwenye simu. Syombua akusomee polepole, kisha ampelekee jirani yetu mzee Ndete leo hii, asingoje kesho.

Uliponieleza Jumapili kwamba mbuzi wanaanguka matumbo yakiwa yamejaa, nilimkimbilia Fowsiya, anayepima vyakula vya mifugo hapa kiwandani. Alisema msiwalishe kwanza majani ya kile kichaka cha mtoni, naye atayapima. Nikakupigia, nawe ukaacha, ingawa kati ya ishirini na sita wamebaki kumi na mmoja. Lakini Ndete, ulisema, amekataa. Eti hawezi kuwanyima mbuzi wake chakula chenye protini asilimia kumi na nane katika kiangazi hiki, na aliyekipima ni mtoto wako.

Majibu yametoka leo. Protini imo, lakini ule uchungu wa majani unaishikilia tumboni isimfae mnyama. Akilishwa hayo peke yake, mbuzi hushiba huku anakufa njaa. Fowsiya anasema maganda ya mgunga ndiyo yatakayowafaa, yatwangwe ili mbegu zisipite nzima.

Sasa Ndete atauliza ile kumi na nane ilitoka wapi. Mwaitu, gunia la majani ulilonitumia niyapime lilikaa chini ya kitanda changu tangu Juni hadi Jumapili hii nilipompa Fowsiya. Kabla ya hapo sikuwahi kulipeleka popote. Mimi si mtu wa maabara. Napakia mizigo kwenye malori. Nilipokwambia nimeandikwa kiwandani, ulisimama kanisani ukatangaza kuwa mwanao ni mtaalamu, nikaona haya kukusahihisha. Siku uliponipigia kutaka majibu, nilikusomea namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa chakula cha ng'ombe niliokuwa nimeubeba begani.

Mbuzi wako wameuawa na mimi, wala si ukame. Mzee Ndete, nakusihi, usiniamini tena. Mbuzi wako wewe bado wamesimama. Waondoe kwenye yale majani.

Nitafika Jumamosi niokote maganda na kuyatwanga mwenyewe. Ukiona nisiingie bomani, nitatwangia nje ya lango.

Nisalimie Syombua na watoto wake. Mzee Ndete sijui nimsalimie vipi.

Ni mimi mwanao,
Muasya